Jinsi ya Kuchagua Msimamo wa Kimaadili wa Mhusika Wako katika Dungeons & Dragons

Je, mwizi ni lazima awe mwovu? Paladini, yaani shujaa aliyekula kiapo kitakatifu, akisema uongo, anapoteza nguvu zake? Nikiandika CN (mtu huria, si mwema wala mwovu) kwenye karatasi, naruhusiwa kufanya lolote? Maswali haya huja kila mchezaji mpya anapokaa mezani kwa mchezo huu wa karatasi na dadu, ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na mwendesha mchezo husimulia kisa, na mara nyingi anayeuliza ameshajaza kisanduku cha msimamo kwa kubahatisha. Mwongozo huu ni wako wewe uliyebahatisha, na wewe ambaye kisanduku chako bado kiko wazi. Ukiufuata kwa mpangilio, baada ya nusu saa hivi utakuwa na msimamo unaolingana na mhusika wako, na utaweza kuueleza akikuuliza mtu.

Shika jambo moja kwanza: msimamo ni muhtasari wa mwenendo. Mwenendo huanza, herufi hufuata. Karibu kila ugomvi wa mezani utakaotajwa humu chanzo chake ni mtu aliyeanzia kwenye herufi.

Unachohitaji

- Karatasi ya mhusika ambayo tayari ina fani (mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi na kadhalika) na asili yake. Msimamo ujazwe mwishoni, usiwe wa kwanza.
- Penseli na kifutio. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu msimamo unaweza kubadilika.
- Kadi au kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja.
- Kanuni za toleo mnalocheza. Kanuni za msingi za toleo la tano zinapatikana bure kwenye tovuti rasmi ya mchezo.
- Dakika kumi za kuzungumza na mwendesha mchezo kabla ya kikao cha kwanza.

Neno kuhusu tafsiri

Vitabu ni vya Kiingereza na kwenye karatasi utakuta herufi. Humu tunazisoma hivi: L ni utaratibu, C ni huria, G ni wema, E ni uovu, N ni kati. Kwa hiyo LG ni mwema wa utaratibu, CE ni mwovu huria, na N peke yake ni mtu wa kati pande zote mbili.

Wengi huisoma L kuwa "sheria" na C kuwa "machafuko", na hapo ndipo kosa linapoingia. Mwenye L si lazima atii sheria ya serikali. Anaweza kushika kiapo, mila ya ukoo, au miiko ya chama chake cha wauaji, na serikali ikamsaka kila siku. Mwenye C naye si mleta fujo. Ni mtu anayejiamulia mwenyewe na hangoji ruhusa ya mtu. Ukiyashika maneno "utaratibu" na "huria", nusu ya kazi umeshaimaliza.

Hatua ya 1: Jua mnacheza toleo gani

Usiruke hatua hii. Majibu mengi unayoyapata kwa watu hugongana kwa sababu kila mmoja anazungumzia kitabu chake.

Mchezo wa kwanza wa Gary Gygax na Dave Arneson, wa mwaka 1974, ulikuwa na pande tatu tu: utaratibu, kati na huria. Wema na uovu havikuwa mstari wa peke yake. Mwaka 1976 Gygax aliandika makala akauongeza mstari huo wa pili, na kitabu cha wachezaji cha 1978 kikaja na misimamo tisa tunayoijua leo. Toleo la nne la 2008 lilipunguza hadi mitano. Toleo la tano la 2014 likairudisha yote tisa, na likaendelea na wazo la viumbe wasio na msimamo kabisa, kama farasi na mbwa mwitu.

Kilichobadilika zaidi ni nguvu ya msimamo kwenye kanuni. Katika toleo la tatu la mwaka 2000, paladini alilazimika kuwa LG, mtawa alilazimika kuwa na L, na babariani (mpiganaji wa hasira kali) hakuruhusiwa kuwa na L. Tangu 2014 fani haimfungi mhusika kwenye msimamo wowote. Paladini sasa anabanwa na kiapo alichokula, kwa hiyo uongo mmoja haumvui nguvu. Anayekipa kiapo kisogo bila kujuta ndiye anayepaswa kuwa na wasiwasi.

Kama mnacheza Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, kwa vitabu vilivyorekebishwa mwaka 2023, misimamo imeondolewa. Badala yake mhusika ana maagizo ya kufuata na miiko ya kuepuka. Ruka hadi hatua ya 5, itakufaa vilevile.

Hatua ya 2: Elewa mistari miwili, kila mmoja peke yake

Mstari wa wema na uovu una swali hili: mhusika akitaka kitu, nani analipa gharama? Mwema yuko tayari kulipa mwenyewe ili mwingine asiumie. Mwovu yuko tayari mwingine alipe, hata kwa damu. Wa kati hapendi kuumiza watu, lakini hajitoi kwa ajili ya asiowajua.

Mstari wa utaratibu na huria unauliza: akiamua, anategemea nini? Wa utaratibu hutegemea kitu kilichokuwepo kabla ya tukio, kama ahadi, cheo, desturi au mpango. Wa huria hutegemea dhamiri yake na hali anayoiona saa ile. Wa kati huheshimu kanuni hadi zinapoanza kumzuia.

Usiichanganye mistari hii. Kutii hakumfanyi mtu mwema, na kukaidi hakumfanyi mbaya.

Hatua ya 3: Jibu maswali sita

Jibu kwa niaba ya mhusika kama atakavyofanya akiwa amechoka, ana njaa na muda umebana. Usijibu kama anavyopenda kuonekana. Kila jibu lina alama.

Wema na uovu:

1. Mgeni anazama mtoni na mkondo ni mkali. Anajitosa (+1). Anatafuta kamba na watu, lakini haingii majini (0). Anapita, au anapekua mizigo iliyobaki ukingoni (−1).
2. Mateka ana habari muhimu na hataki kusema. Hatamtesa hata habari ikipotea (+1). Anamtisha kwa maneno tu (0). Anamtesa (−1).
3. Mmepata vipande 200 vya dhahabu, na mwenye mali, mjane, yupo kijijini. Anazirudisha zote (+1). Anarudisha, lakini anakata ujira wake kwanza (0). Anabaki nazo (−1).

Utaratibu na huria:

4. Aliahidi jambo, sasa ahadi inamuumiza mwenyewe. Anaitimiza (+1). Anamwendea aliyemwahidi aombe kufunguliwa (0). Anaiacha (−1).
5. Lango la mji limefungwa usiku, na hakuna kuingia bila hati. Anasubiri asubuhi (+1). Anambembeleza mlinzi (0). Anapanda ukuta (−1).
6. Mmekubaliana mpango wa vita, katikati anaona nafasi nzuri zaidi. Anabaki kwenye mpango (+1). Anapiga kelele kuwauliza wenzake (0). Anairukia nafasi (−1).

Jumlisha kila kundi peke yake. Ukipata +2 au +3, yuko upande wa wema (au utaratibu). Ukipata −2 au −3, yuko upande wa uovu (au huria). Kuanzia −1 hadi +1, yuko kati.

Mfano: Zuhura ni mwizi wa levo (ngazi) ya 1. Anajitosa mtoni (+1), anamtisha mateka kwa maneno (0), anamrudishia mjane dhahabu yake (+1). Jumla ni +2. Kwenye mstari wa pili anaomba kufunguliwa ahadi (0), anapanda ukuta (−1), anairukia nafasi (−1). Jumla ni −2. Zuhura ni CG, mwema huria. Na swali la kwanza kabisa la mwongozo huu limejibiwa: wizi ni kazi yake, na kazi haitoi hukumu ya moyo.

Onyo: ukiona unasukuma majibu ili upate herufi uliyoitamani, simama. Ama unamtaka mhusika mwingine, na basi mbadilishe mhusika mwenyewe, au umeipenda herufi kwa sifa zake za mtaani.

Hatua ya 4: Mpime kwenye tukio moja

Chukua tukio hili. Njaa imeingia kijijini, ghala la nafaka limefungwa kwa amri ya mtawala, na mlangoni kuna walinzi wawili. Tafuta maelezo ya msimamo uliopata, kisha soma na ya jirani zake wawili. Kama jirani anafanana zaidi na mhusika wako, hama.

LG humwendea mtawala na kudai ghala lifunguliwe. Akikataliwa anaweza kuikaidi amri, lakini mchana kweupe, kwa jina lake, na yuko tayari kuadhibiwa. Wengi humcheza kama askari mkali asiyejua huruma, ilhali G yake ina uzito sawa na L. Anayemuua mfungwa aliyejisalimisha kwa sababu tu "sheria inaruhusu" amekwishaiacha nusu ya msimamo wake.

NG hutafuta njia itakayowalisha watu haraka. Ikiwa halali, vyema. Ikiwa si halali, hilo halimsumbui sana. CG huvunja kufuli usiku na kugawa nafaka kabla ya alfajiri.

LN huuliza amri inasema nini hasa, nani ana mamlaka ya kuitengua, na njia ya kukata rufaa ni ipi. Hadi itenguliwe, analinda ghala. Si katili. Anaamini kwamba ghala likivunjwa leo, mwakani hakuna atakayeweka akiba.

N ni wa aina mbili, na ni vizuri uamue wako ni yupi. Aina ya kwanza ni mtu wa kawaida: atahakikisha jamaa zake wamekula, ya wengine atayaacha. Aina ya pili huamini kwa dhati kwamba pande zote zinahitaji kubaki na mizani, kama madruidi (makasisi wa maumbile) wa matoleo ya zamani. Aina hii ya pili ni ngumu sana kuicheza, kwa sababu humsukuma mhusika kuwasaliti wenzake pindi wanapoanza kushinda. Kwa mchezaji mpya, chagua ya kwanza.

CN ndiyo inayoharibu michezo mingi kuliko zote, na kosa si lake. Mtu wa CN huthamini uhuru wake kuliko kitu chochote. Pale ghalani anaweza kuvunja kufuli ili yeye na rafiki zake wale, au akaondoka zake kwa kuwa hataki kuingizwa kwenye mambo ya watawala. Lakini ana sababu, ana anaowapenda, na hutaka kuishi hadi kesho. Mtu anayerusha dadu kuamua kama amsalimie mfalme au amchome kisu hachezi CN. Huyo hana mhusika bado.

LE hufungua ghala kwa mkataba: kila nyumba itie saini deni, na mwaka ujao mashamba ni yake. Neno lake atalishika, na neno hilohilo ndilo litakalokunyonga. Ndivyo walivyo mashetani wa kuzimu ya tabaka tisa katika mchezo huu, ambao silaha yao kubwa ni maandishi. NE huuza nafaka kwa mlango wa nyuma kwa anayelipa zaidi, na kesho humchongea mnunuzi. CE huwaua walinzi hata wakijisalimisha, huchukua anachotaka, na kilichobaki hukichoma moto.

Hatua ya 5: Andika kadi ya mwenendo

Herufi mbili hazitoshi kukuongoza wakati wa mchezo. Kwenye ile kadi andika mistari mitatu:

- Daima: jambo moja analofanya kila nafasi inapotokea.
- Kamwe: mwiko mmoja au miwili.
- Bei: kitu pekee kinachoweza kumfanya auvunje mwiko.

Kadi ya Zuhura: "Daima: hugawana anachoiba na waliokosa. Kamwe: haibi kwa maskini, hamchomi kisu aliyelala. Bei: mdogo wake."

Kila mstari uwe kitendo kinachoonekana. "Huchukia uovu" haifai, maana mwendesha mchezo hawezi kuijaribu. "Hapiti mtu anayepigwa njiani bila kuingilia" inafaa. Mstari wa bei ndio wanaosahau wengi, nao ndio unaompa mwendesha mchezo kitu cha kujengea kisa. Mpe nakala.

Hatua ya 6: Kubaliana na meza kabla ya kuanza

Muulize mwendesha mchezo maswali haya manne, na wenzako wasikie majibu:

- Wahusika waovu wanaruhusiwa?
- Tunaweza kuibiana au kupigana sisi kwa sisi?
- Ni mambo gani hayataigizwa kabisa mezani, kwa mfano mateso?
- Msimamo ukibadilika, nani anaamua?

Kisha kila mchezaji asome kadi yake kwa sauti. Angalia miiko inayogongana moja kwa moja. Paladini ambaye "kamwe hasafiri na mwizi" na Zuhura hawatavuka kikao cha kwanza. Mmoja arekebishe mstari sasa, kabla dadu hazijarushwa.

Hatua ya 7: Cheza kwa kadi

Ukifika penye uamuzi mgumu, tazama kadi kwa sekunde chache, kisha sema kitendo na sababu ya mhusika: "Zuhura anairudisha pete, kwa sababu ameona nyumba haina hata mkeka." Usiseme "nairudisha kwa kuwa mimi ni CG". Sababu ya kwanza inawapa wenzako kitu cha kujibu. Ya pili inafunga mazungumzo.

Kwenye kanuni za 2014 msimamo hugusa mambo machache tu. Joho la wachawi wakuu huja kwa rangi tatu, nyeupe kwa wema, kijivu kwa wa kati, nyeusi kwa waovu. Rakshasa, shetani mwenye kichwa cha chui milia, huumizwa zaidi na silaha ya kuchoma yenye uchawi ikiwa mikononi mwa mwema. Kasisi anayeita roho walinzi, madhara ya roho zake hufuata msimamo wake. Zaidi ya mambo ya namna hiyo, msimamo hauongezi wala haupunguzi alama kwenye dadu.

Hatua ya 8: Kagua kila baada ya vikao vinne

Mwisho wa kila kikao, andika pembeni mwa karatasi herufi ya kila uamuzi uliokuwa na gharama. Kumsalimia mzee hakuhesabiwi. Kuacha hazina ili kumbeba majeruhi kunahesabiwa: G. Baada ya vikao vinne tazama alama. Ukiwa nazo sita au zaidi kwenye mstari mmoja, na theluthi mbili zinaelekea kwingine, futa herufi ya zamani na uandike mpya.

Usiogope kubadilisha. Hofu hiyo ni urithi wa matoleo ya mwisho wa miaka ya 1970, ambapo aliyebadili msimamo alipoteza levo nzima. Katika toleo la tano hakuna adhabu hiyo. Hakikisha tu kama una kifaa cha uchawi kinachodai msimamo fulani.

Mambo yakienda kombo

*Mchezaji anaharibu kikao kisha anasema "ndivyo mhusika wangu angefanya".* Mhusika ni kazi ya mkono wake, na aliyeandika tabia anaweza kuirekebisha. Msijadili kama kitendo ni cha CN au la. Mwombeni aongeze mstari wa "kamwe" unaowalinda wenzake. Akikataa, tatizo liko kwa mchezaji, na wa kuzungumza naye ni mwendesha mchezo, faraghani.

*Paladini anawaamrisha wote.* Kiapo kinamfunga aliyekula. Arudie kadi yake na kuandika miiko kwa nafsi ya kwanza: "Mimi sitaua mateka", badala ya "hakuna atakayeua mateka". Kikundi kikitaka kufanya asichokiafiki, anaweza kupinga, kubembeleza, au kukataa kushiriki.

*Nataka mwovu ndani ya kikundi cha wema.* Inawezekana ukitimiza masharti matatu: ana sababu nzito ya kubaki nao, hawageuki wenzake, na meza nzima imekubali. LE ndiye rahisi zaidi, maana akitoa neno anakaa nalo. CE usimjaribu kwenye kampeni ndefu (kisa kimoja cha vikao vingi).

*Uchawi wa kugundua wema na uovu haujanionyesha kuwa mfanyabiashara ni mwovu.* Uchawi wenyewe uko sawa, haujakosea. Katika toleo la tano uchawi huo hugundua aina ya kiumbe ndani ya futi 30 (kama mita 9): viumbe wa mbinguni, mashetani, wafu wanaotembea, viumbe wa asili za moto na maji na kadhalika, viumbe wa kichawi wa misituni, na maajabu ya nje ya dunia. Binadamu mwenye roho mbaya haonekani. Mchunguze kwa maswali.

*Kitabu kinasema orki (kiumbe wa kivita anayefanana na mtu) ni CE. Je, orki mtoto ni halali kumuua?* Kitabu cha viumbe cha 2014 kinaeleza kwamba msimamo ulioandikwa ni wa kuanzia tu, na mwendesha mchezo ana ruhusa ya kuubadilisha. Hukumu kitendo kilicho mbele yako, kama unavyohukumu kwa binadamu. Mwema akiua mtoto, andika E pembeni mwa karatasi.

*Mwendesha mchezo ananiambia "huwezi kufanya hivyo, wewe ni LG".* Mkumbushe kwa upole kwamba uamuzi wa mhusika ni wako, na matokeo ni yake. Anaweza kukuonya: "Ukifanya hivi, hekalu litakukataa." Akishaonya, wewe amua. Kikundi kikiwa kipya, kubalianeni kwamba onyo hutolewa kabla ya dadu kurushwa, siyo baada.

*Alama zangu zinaangukia kati kila mara.* Rudia maswali ukipandisha gharama: mtoni awe ndugu yake wa damu upande huu na watoto watatu wa jirani upande ule, ahadi iwe ya kufa na kupona. Zikibaki kati, basi yuko kati. Andika N, cheza vikao viwili, kisha fungua tena hatua ya 8.